Kimstari Kimekataa Kutulia

Kijiwe chetu kiko Tanga, Ngamiani, barabara ya kumi na tatu, ubavuni mwa duka la Huzefa, na kina sheria mbili tu. Ya kwanza, kahawa ya Shaib haitiwi sukari. Anayetaka utamu anunue kashata. Ya pili, mteja wa mwenzako humpeleki kwingine mpaka mwenzako aseme kwa kinywa chake kwamba kashindwa. Benchi ni ubao mmoja mrefu juu ya matofali na kila mtu ana mahali pake. Mwisho kabisa, karibu na jiko la mkaa, hukaa Shaib mwenyewe, tunayemwita Chungu. Anafuata Jaku, Mpemba, fundi redio, jina lake la kijiweni Ampea. Huzefa auzaye vifaa vya ujenzi tunamwita Bei Moja, maana ukimwomba apunguze anakutazama kama hakusikii. Yeye huweka kiti chake cha plastiki mlangoni, mguu mmoja dukani, mguu mmoja kijiweni. Mimi ni fundi cherehani, naitwa Pindo. Na kuliani kwangu hukaa Maulid, ambaye ni Mahakama, kwa sababu alipiga chapa mahakamani miaka thelathini na moja, akastaafu, akanunua laptopu kuukuu, na sasa anawaandikia watu barua juu ya meza yetu ya drafti. Jumatano hiyo, saa tatu asubuhi, barua ilikuwa ya Mwatum, mjane anayekaanga mihogo kona ya pili. Shemeji zake wanataka kuuza nyumba aliyoachiwa yeye na wanawe watatu, na baraza la ardhi lilimtaka apeleke majibu yake ya maandishi siku hiyo hiyo kabla ya saa nane mchana. Asipopeleka, shauri lingesikilizwa bila yeye.

Maulid: Imeruka tena.

Shaib: Imeruka wapi?

Maulid: Nipo aya ya tatu, naandika mume wake alivyofariki. Nainua macho, maneno yote yamekwenda aya ya kwanza. Kabla ya ndoa.

Shaib: Kwa hiyo marehemu kafa kwanza, ndo akaoa?

Tukacheka. Mwatum hakucheka. Alikuwa amekaa juu ya ndoo aliyoipindua, bahasha ya kaki mapajani, ndani yake cheti cha ndoa na karatasi za nyumba.

Kwa asiyejua: kwenye kompyuta kuna kimstari chembamba kinachopepesa, kinachokuonyesha herufi inayofuata itakaa wapi. Kimstari cha Maulid kilikuwa kimeota tabia ya kuruka. Tangu siku kadhaa nyuma, unaandika sentensi yako kwa adabu, mara kimstari kinahama peke yake, kinapanda juu au kinaingia katikati ya neno la jana, na vidole haviachi, vinaendelea kumwaga herufi huko huko. Barua mbili za wiki ile alizifuta na kuzianza upya. Hii ya Mwatum alikuwa ameianza mara tatu.

Jaku: Yakhe, hii ni chumvi tu. Sie tuko na bahari hapa. Chumvi yaingia ndani ya mashine, yafanya kutu, mshipa mmoja wapeana mkono na mshipa wa pili. Redio ngapi n'zifungue mie za watu wa Raskazone? Ndani nyeupe kama samaki ng'onda!

Huzefa: Chumvi gani? Hiyo ni chaja. Chaja ya bandia, umeme unaingia nusu nusu, kimstari kinashtuka. Wewe chomoa.

Maulid akachomoa. Akaandika mstari mmoja, wa pili. Kikaruka.

Huzefa: Basi zima, washa. Dawa ya kwanza ya kila mashine.

Jaku: Dawa ya kwanza ya asiyejua.

Akazima, akawasha. Laptopu ile huwaka kwa hiari yake, ukishatia nia unaweza kunywa vikombe viwili. Shaib akatumiminia. Maulid akapeleka kikombe mdomoni, kahawa ikamchirizika kidevuni mpaka kwenye kanzu.

Shaib: Aa! Mahakama, waimwaga haki yako!

Maulid: Kikombe chako... kimepasuka.

Shaib akakichukua, akakigeuza kwenye mwanga wa jua, akapitisha kidole ukingoni. Hakuona ufa. Lakini kwa heshima ya mzee akampa kingine, na kile cha mwanzo akakitupa kwenye ndoo ya taka. Nakumbuka nilimsifu Shaib kwa uungwana huo. Maulid akanywa, ikachirizika tena, na safari hii akajipangusa mwenyewe kimya kimya kwa mkono wa kulia, tukajifanya hatujaona. Kijiwe chetu ni cha watu wenye haya. Mtu akijimwagia kahawa unatazama barabarani.

Mashine ikawaka. Saa nne kasoro.

Shaib: N'takwambieni kitu. Flashi ya mwisho kuingia humu ilikuwa ya nani?

Maulid: Ya... wale wa kadi za harusi.

Shaib: Ndo hapo! Harusi ile walipiga muziki siku tatu. Virusi vya harusi haviwezi kukaa pahali pamoja, lazima viruke. Wahenga washasema, mgeni njoo, mwenyeji apone.

Jaku: Methali hiyo haiendi hapo, Chungu.

Shaib: Yaenda vizuri. Mgeni ndo virusi, mwenyeji ndo Mahakama.

Jaku: Kwa hiyo Mahakama apona?

Shaib: Akishavitoa.

Huzefa: Wewe usitie methali kwenye mashine, utaiharibu zaidi.

Maulid aliinamia mashine. Alikuwa akiandika. Zamani, kelele kama hizo angezijibu kwa kifungu cha sheria, namba na mwaka, na angekutoza faini ya kahawa. Siku hizo alikuwa amekuwa mtu wa maneno machache, nasi tukadhani ni mawazo ya mashine.

Hapo ndipo Mwatum alipofungua kinywa.

Mwatum: Samahanini kaka zangu. Mie sijui kompyuta. Ela naona kile kiganja chake cha kushoto chagusa kile kibao cha chini, kile cha kusugulia kidole. Kikigusa tu, ndo maneno yaruka.

 Tukacheka, sote, hata Huzefa ambaye hucheka mara mbili kwa mwaka.

Shaib: Kiganja cha nani?

Jaku: Kiganja cha Mahakama kiguse kitu?

Mwatum: Nimesema naona tu.

Mimi: Mwatum, kaa nikueleze. Huyu unayemwona amefundishwa kwa taipureta, zile za chuma. Mwalimu wake alikuwa anawawekea rula ya mbao chini ya vifundo. Ukishusha kiganja, anakuchapa nayo. Miezi sita hivyo, asubuhi na jioni. Ndiyo maana akiandika viganja vinaelea, utadhani anakanda hewa. Kiganja cha mpiga chapa hakilali!

Nilisimulia kwa majivuno kana kwamba rula ile nilipigwa mimi. Hadithi hiyo Maulid alikuwa ametusimulia labda mara mia, na kila mmoja wetu aliweza kuisema kwa moyo.

Shaib: Umesikia, dada? Mzoea kunyonga, kuchinja hawezi!

Jaku: Chungu, hayo ni matusi.

Shaib: Namsifu!

Maulid: Mwanangu Mwatum. Mikono hii imeandika... hukumu za watu. Hai... haigusi.

Alisema polepole, neno likiburuta mguu nyuma ya jingine. Mwatum akainamisha kichwa, akaomba radhi. Nami nikaona vyema, mzee amejitetea kwa utulivu. Leo nikikumbuka tulivyomcheka mwanamke yule natamani ardhi inimeze, maana kati ya watu sita pale ni yeye tu aliyekuwa akitazama mkono. Sisi tulikuwa tunatazama sifa za mkono.

Huzefa akainuka kitini.

Huzefa: Maneno mengi. Nipishe, niijaribu mimi. Kama ni mashine, itaruka kwangu pia.

Hilo lilikuwa wazo la maana, na lilitoka kwa mtu mwenye akili ya biashara. Maulid akasogea. Huzefa akafungua karatasi mpya, akaandika kwa vidole viwili: misumari inchi tatu, misumari inchi nne, bati, waya wa kufungia, nyundo, mpaka mistari kumi ikajaa. Kimstari kikatembea kwa heshima zake zote. Hakikuruka hata mara moja.

Huzefa: Imepona.

Maulid akarudi mahali pake. Mstari wa pili, kikaruka.

Sasa nakuomba, wewe unayesoma, jiulize mwenyewe. Mashine ni ile ile, meza ile ile, kilichobadilika ni mtu. Mtoto wa darasa la tatu angejua pa kutazama. Sisi tulikuwa watu wazima wanne, wajuzi, wenye kahawa ya moto kichwani.

Jaku: Mwaona? Mashine ina ubaguzi. Yamkataa Mahakama peke yake.

Shaib: Huo si ubaguzi. Mahakama, laptopu hii uliinunua kwa nani vile?

Maulid: Kwa watoto wa... mwalimu. Wa Pangani.

Shaib: Mwalimu mwenyewe yu wapi?

Maulid: Alikufa.

Shaib akaweka dele la kahawa chini. Akajikuna ndevu kama kadhi.

Shaib: Alikufa. Mwalimu. Na mashine yake bado yafanya kazi. Jamani, huyo hajaondoka! Yumo. Anasahihisha. Kila Mahakama akikosea, mwalimu amshika mkono ampeleka juu, rudia.

Jaku: Na Huzefa mbona hakumsahihisha?

Shaib: Huzefa kaandika misumari. Misumari ina kosa gani?

Jaku: Na sie kwetu Pemba mambo hayo twayajua, lakini jini wa kompyuta sijamsikia. Jini ataka ubani, ataka haluwa. Kompyuta ataifanyia nini?

Shaib: Jini msomi.

Maulid: Jamani. Saa... saa ngapi?

Huzefa: Nne na nusu.

Aliuliza saa akiwa amevaa saa. Ilikuwa mkono wa kushoto, chini ya ukingo wa kanzu. Nilikuwa nimekaa upande huo huo. Nikamtania, nikamwambia kama saa imekufa ampe Ampea aifungue.

Kisha na mimi, nisionekane sina nadharia, nikatoa yangu, na ilikuwa mbaya kuliko zote kwa sababu haikuchekesha.

Mimi: Ninyi mnatafuta majini, adui wa barua hii mnamjua. Nani hataki barua ya Mwatum ifike? Shemeji zake. Yule mkubwa si ana mwana anasoma kompyuta Dar? Siku hizi mtu anakaa Dar anaingia kwenye mashine ya Tanga. Yupo huko, anatazama kila tunachoandika, na akiona tumefika penye hoja, anakisukuma kimstari.

Huzefa: Laptopu hii haina hata intaneti, Pindo.

Mimi: Ndiyo maana hatumwoni!

Shaib akaguna kwa kukubali. Jaku akasema lisemwalo lipo, na kama halipo laja, na kwa mara ya kwanza asubuhi ile methali ikakaa mahali pake. Mwatum aliikumbatia bahasha yake. Nilikuwa nimemtia hofu mjane asiye na hatia ili nami niwe na la kusema kijiweni. Huo ndio ukweli na sioni haja ya kuupamba.

Mwatum: Kaka Maulid. Wallahi nakuheshimu. Saa tano hii yaingia. Niache niende pale duka la kuchapia barabara ya nane, wao waniandikie, we upumzike.

Akalisema lisilosemwa. Sote tukamgeukia. Nimekwambia sheria ya pili: mteja wa mwenzako humpeleki kwingine mpaka mwenyewe aseme kashindwa. Na mteja akitaka kwenda mwenyewe, sisi humkalisha. Tumewahi kumkalisha bwana harusi aliyemkimbia Jaku na redio yake mkononi. Huo tulikuwa tunauita utu.

Jaku: Dada, fundi haachwi kazi i katikati.

Shaib: Subira yavuta heri.

Huzefa: Saa tatu zote bado. Wasiwasi wa nini?

Mwatum akamtazama Maulid, akingoja ruhusa. Maulid akatikisa kichwa.

Maulid: Ngo... ngoja. Namaliza.

Mwatum akakaa tena kwenye ndoo yake.

Nusu saa nzima ikapita hivyo. Maulid akiandika, kimstari kikiruka, akifuta, akiandika. Jaku alikuwa amekwenda kuleta bisibisi, anataka kuipasua mashine aipake spiriti. Shaib alikuwa ametia ubani kwenye jiko, akasema ni kwa ajili ya mbu. Ndipo akaja dada mmoja ambaye hatukumjua, amevaa baibui, mkoba begani, akasimama mlangoni kwa Huzefa.

Dada: Shikamooni.

Sisi: Marahaba.

Dada: Naomba misumari ya bati, nusu kilo.

Huzefa akaingia dukani kupima. Dada akabaki amesimama anamngoja. Baadaye tulijua anaitwa Rahila, muuguzi wa zahanati moja upande wa Pangani, yuko likizo, na misumari ilikuwa ya banda la kuku la mama yake. Wakati ule alikuwa mpita njia tu. Shaib, ambaye hawezi kumwona mtu amesimama bila kumhutubia, akamweleza kisa chote: kimstari, chumvi, virusi, mwalimu marehemu, mtoto wa shemeji huko Dar.

Rahila hakumtazama Shaib. Hakuitazama kompyuta. Akasogea, akachuchumaa mbele ya meza ya drafti.

Rahila: Baba, hujambo?

Maulid: Si... jambo.

Rahila: Baba, hebu cheka nikuone.

Tukashangaa, adabu gani hii. Lakini Maulid, mtu mpole, akamchekea. Mdomo ukacheka upande mmoja. Upande wa pili ulibaki pale pale, kama hauna habari.

Rahila: Haya baba. Nyanyua mikono yote miwili, hivi.

Mkono wa kulia ukapanda mpaka usawa wa bega. Wa kushoto ukafika katikati, ukasita, ukaanguka juu ya kompyuta. Kiganja kikalala kwenye kile kibao. Kimstari kikaruka kutoka chini ya karatasi mpaka juu kabisa.

Sote tulikiona. Jaku alikuwa amerudi, bisibisi mkononi, Huzefa ametoka dukani na misumari, nao wakakiona.

 Nilisikia maji yakichemka kwenye dele.

Rahila: Nani ana gari hapa?

Huzefa: Mimi. Pikapu.

Rahila: Ilete sasa hivi. Hospitali, tusipite popote. Na asinyweshwe kitu, hata maji. Kahawa mwondoleeni.

Huzefa akatupa nusu kilo ya misumari chini, akakimbia. Sijawahi kumwona Huzefa akikimbia.

Rahila: Huyu, mkono wake umeanza lini hivi?

Akatutazama mmoja mmoja.

Jaku: Kimstari kimeanza kama... yapata siku nne.

Rahila: Sikuulizi mashine, kaka yangu.

Shaib: Jana alikuwa mzima. Si alikuwa mzima jana?

Jaku: Jana hakunywa kikombe cha pili.

Mimi nikakumbuka kanzu. Maulid alikuja dukani kwangu, akasema mkono wa kushoto wa kanzu umekuwa mrefu, unamfunika vidole. Nilimsimamisha, nikamtazama, kazi yangu ni kutazama miili ya watu. Nikaona kweli, bega la kushoto limeshuka, mkono umening'inia. Nikachukua mkasi, nikaukata ule mkono wa kanzu inchi moja na nusu, nikapinda. Nikamwambia sasa umekaa sawa.

Mimi: Nilimpunguzia kanzu.

Rahila: Lini?

Mimi: Ilikuwa... Ijumaa? La, Ijumaa alikuwa ameshaivaa. Sijui, dada yangu.

Rahila akanitazama kwa muda ambao ulinitosha maisha yangu yote, kisha akamgeukia mgonjwa wake.

Pikapu ikaja. Jaku na Rahila wakamshika Maulid kwapani. Alipokuwa anainuliwa, akaushika ukingo wa meza kwa mkono wa kulia, hakutaka kuachia. Akaielekeza shingo kwangu, macho yamejaa maji, akawa anatafuta neno. Lilichukua muda.

Maulid: Ba... rua.

Mimi: Nitaimaliza, mzee wangu. Nenda.

Akaachia.

Wakaondoka wanne: Huzefa kwenye usukani, Maulid katikati, Rahila amemshika kichwa, Jaku nyuma kwenye bodi, bisibisi bado mkononi. Tukabaki mimi, Shaib na Mwatum. Saa sita kasoro robo.

Nikakaa mahali pa Maulid. Sijui kupiga chapa. Nilikuwa natafuta herufi moja moja kama anayechambua mchele, Mwatum akinisomea kutoka kwenye bahasha yake, na machozi yakimtoka bila sauti. Mimi Mwatum, mjane wa marehemu, napinga kuuzwa kwa nyumba. Ndoa kwanza. Watoto watatu, kwa majina yao. Kisha kifo. Kila jambo likakaa palipotakiwa, na kimstari kilitembea mbele ya kidole changu bila ukorofi wowote. Nilitamani kiruke. Haki ya Mungu, niliomba kiruke mara moja tu, nipate pa kusimama.

Ummekulsum, mke wa Huzefa, akatutolea kurasa mbili kwenye printa ya dukani. Mwatum akatia saini, akapanda bodaboda. Alipofika kwenye kona aligeuka akatutazama, sijui alitaka kusema nini. Saa saba na robo akapiga simu: barua imepokewa, imegongwa muhuri.

Shaib: Alhamdulillahi.

Mimi: Alhamdulillahi.

Tukakaa. Ubao ule tuliozoea kubanana ulikuwa mrefu siku ile. Shaib akamimina vikombe viwili, tukaviacha mezani, hakuna aliyegusa. Wapita njia wakatusalimu, tukaitikia. Mmoja akauliza mbona leo kijiwe kimya, Shaib akamwambia joto.

Simu ikalia tena. Huzefa.

Huzefa: Pindo. Wamempokea. Hali si nzuri, hasemi tena. Amekuja daktari mkubwa, anauliza hali hii ilipoanza mzee alikuwa na nani.

Mimi: Mwambie alikuwa na sisi. Sote tulikuwepo.

Nikamsikia Huzefa akimwambia mtu. Nikasikia sauti ya mwanamke, ndiye daktari, ya haraka, isiyo na ugomvi, ikiuliza kitu. Huzefa akarudi kwenye simu, na sauti yake haikuwa ile ya dukani.

Huzefa: Anasema ni vizuri kama mlikuwepo sote. Anasema dawa ya kiharusi inategemea muda uliopita tangu kianze. Sasa anataka kujua, ilianza siku gani, saa ngapi?

Nikamtazama Shaib. Shaib alikuwa amesikia. Akalishika dele akaliinamisha juu ya kikombe ambacho kilikuwa kimejaa tayari, na halikutoa hata tone.

Huzefa: Pindo? Upo? Daktari amesimama hapa, anangoja.